Saa za Wasiolipwa

Makundi ya maigizo ya mitaani Eldoret yana desturi moja inayovumiliwa kana kwamba ni hali ya hewa: mazoezi yakiitishwa saa nane, yanaanza saa kumi. Anayelalamika huambiwa kwamba watu hawa wanajitolea, hawalipwi, basi wasibanwe. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hiyo. Kundi linalolipa waigizaji wake linaweza kumudu kupoteza muda, kwa sababu muda huo umeshanunuliwa na hasara inamwangukia mwenye fedha. Kundi lisilolipa halina mtaji mwingine ila saa ambazo watu wamezikata kutoka katika maisha yao, na anayezichezea anachezea mali isiyo yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Waigizaji 12 wakimsubiri mmoja kwa saa moja, zimepotea saa 12. Kati yao yumo mwendesha bodaboda aliyeacha abiria wa Jumamosi alasiri, wakati ambao biashara yake ndiyo hasa inachangamka. Yumo mama muuza mboga wa Langas aliyemwachia jirani meza yake. Yumo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi aliyelipa nauli kutoka Kesses, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Hawa si watu wasiolipwa tu. Ni watu wanaolipa ili waigize. Msimamizi wa jukwaa ndiye mweka hazina wa saa hizo, na kazi zake zote, kuanzia kupanga mazoezi hadi kufunga mlango usiku, hueleweka vizuri zaidi zikitazamwa kwa jicho hilo.

Si hivyo kazi hii inavyotazamwa katika makundi mengi. Mara nyingi hupewa aliyekosa nafasi ya kuigiza, au msichana mwenye mwandiko mzuri, kisha anaambiwa abebe funguo na anunue maji. Akiuliza ratiba iko wapi, anaonekana mwenye kiherehere. Ukweli ni kwamba mwelekezi anajibu swali la tukio hili lina maana gani, na msimamizi wa jukwaa anajibu maswali mengine yote: lini, wapi, nani, kwa kutumia nini, na tunaondoka saa ngapi. Wapo watakaosema kwamba kundi lao lina watu saba tu, na kwamba mwelekezi anaweza kubeba yote mawili. Anaweza kwa wiki mbili. Baada ya hapo tatizo linajitokeza lenyewe: mwelekezi anayejishikia saa hujiongezea muda kila siku, kwa kuwa tukio analolifanyia kazi daima linahitaji kurudiwa mara moja zaidi, na hayupo wa kumwambia kwamba saa kumi na mbili imefika na watu wana safari. Kwa hiyo hata mkiwa saba, gawanyeni kazi hizo. Afadhali mchezo wenye mhusika mmoja pungufu kuliko mchezo usio na mtu mwenye mamlaka ya kusema imetosha kwa leo.

Kazi ya kwanza ya msimamizi inaanza kabla mchezo haujachaguliwa, nayo ni kalenda. Mfano mkubwa wa Kenya katika jambo hili ni maigizo ya Kamirithu, ingawa mara nyingi husimuliwa vibaya. Husimuliwa kama mlipuko wa vipaji vya wanakijiji wa Limuru, watu waliojikusanya tu na kuigiza. Lakini Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, alieleza baadaye katika Decolonising the Mind kwamba mazoezi yalipangwa yafuate mwendo wa kazi za kijiji, ndiyo maana mengi yalifanyika Jumamosi na Jumapili alasiri. Jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe, lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000, lilianza kama kielelezo kidogo kilichoundwa kwa njiti za kiberiti kabla mti wowote haujachimbiwa ardhini. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na leseni yake ikafutwa tarehe 16 Novemba mwaka huo huo. Serikali haikuogopa vurugu za jukwaani. Iliogopa kitu kilichopangwa vizuri na watu ambao haikutegemea wangeweza kupanga.

Eldoret nayo ina mwendo wake wa kazi, na ratiba isiyoufuata itavunjika. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano: mbegu zinaingia ardhini mwezi wa Machi na Aprili mvua zikianza, na mavuno yanawavuta watu mashambani kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, wakiwemo wengi wanaoishi mjini. Wasabato hawapatikani Jumamosi hadi jua lizame, Wakristo wengine wengi hawapatikani Jumapili asubuhi, na Waislamu wana swala yao Ijumaa mchana. Siku ya Eldoret City Marathon barabara kuu zinafungwa. Wanafunzi wa chuo kikuu wana kalenda isiyoaminika. Mgomo wa wahadhiri wa Moi uliosimamisha masomo mwishoni mwa 2024 ulisogeza mihula kiasi kwamba aliyewategemea wanafunzi kwa onyesho la Desemba alibaki na jukwaa tupu. Chukua karatasi kubwa, chora wiki 12, na umwulize kila mwigizaji swali moja: ni siku gani huwezi kabisa? Usimwulize ni lini anaweza. Ukimwuliza hivyo atakujibu wakati wowote kwa adabu, halafu hutamwona. Swali la kwanza linamruhusu kusema ukweli bila kuona haya, na siku zitakazobaki nyeupe kwenye karatasi ndizo mlizonazo. Zikiwa chache mno kwa mchezo mliokuwa mkiutamani, badilisheni mchezo. Kuongeza siku za kubahatisha hakusaidii.

Baada ya kalenda inakuja hatua inayookoa saa nyingi kuliko zote, nayo ni rahisi hadi watu huidharau: jedwali la wahusika na matukio. Majina ya wahusika yanakaa upande wa kushoto, matukio yanapangwa juu, na alama inawekwa pale ambapo mhusika yumo. Kundi linaloandaa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia inayotahiniwa katika KCSE na ambayo makundi mengi huizungusha shuleni, halina sababu ya kumtoa Bunju kazini siku ya kufanyia kazi mazungumzo ya Yona na Sara. Jedwali linakuonyesha ni matukio yapi yanaweza kuunganishwa siku moja ili watu walewale wafanye kazi mfululizo, badala ya kuigiza dakika 10 na kukaa saa mbili wakitazama simu. Katika kila kipindi cha mazoezi anza na tukio lenye watu wengi, halafu waruhusu waondoke kadiri unavyoelekea kwenye matukio ya wawili watatu. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na wawili wakisubiri kundi litimie, na hivyo wanawaadhibu waliofika mapema kwa kuwachosha na waliofika kwa wakati kwa kuwakalisha. Mwambie kila mtu saa ya kufika na pia saa ya kuondoka. Hiyo ya pili ndiyo inayomwezesha mtu kumwahidi mteja wake, mumewe au mwajiri wake, na mtu aliyeweza kutimiza ahadi nyumbani hurudi wiki inayofuata.

Pingamizi la kawaida kwa haya yote ni kwamba ukali wa saa utawafukuza wanaojitolea. Kuna ukweli ndani yake, lakini ukweli huo unahusu ukali kwa watu, na saa ni jambo jingine. Makundi mengi huchanganya mambo hayo mawili na kuishia na faini: anayechelewa anatoa shilingi 50, kama kwenye chama. Mimi siungi mkono faini, na kuna ushahidi wa kuufikiria. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao walianza kutozwa faini. Wachelewaji waliongezeka. Faini iligeuka kuwa bei, na aliyelipa akahisi amenunua haki ya kuchelewa. Hata ilipoondolewa, hali haikurudi kama zamani. Kwenye chama faini ina mantiki kwa kuwa fedha ndiyo shughuli yenyewe. Kwenye maigizo shughuli ni kuheshimiana, na shilingi 50 inamwondolea mtu deni la heshima kwa bei rahisi mno. Njia bora ni mbili, na zote hazina kelele. Anza saa iliyotangazwa na wale waliopo, hata wakiwa watatu, na ufanye nao kazi yenye maana ili anayechelewa akute kitu kimempita. Kisha maliza saa iliyotangazwa, hata kama tukio lilikuwa linanoga. Msimamizi anayemaliza kwa wakati mara nne mfululizo amepata mamlaka ambayo hakuna faini inayoweza kuyanunua.

Bado kuna suala la umri, ambalo vitabu vya kigeni kuhusu kazi hii havina msaada nalo. Msimamizi wa jukwaa mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na anayechelewa ni mzee wa kanisa anayeigiza chifu. Kumwita mbele ya wote na kumwonyesha saa ni kulivunja kundi. Mfuate pembeni, mwite Mzee au Baba fulani kama unavyomwita siku zote, na mweleze jambo la wengine badala ya kosa lake: kwamba Mama fulani hawezi kuondoka baada ya saa kumi na moja, na tukio lake haliwezi kwenda bila mzee. Wazee wa hapa hawapendi kuamrishwa na watoto, lakini wengi wao hawapendi vilevile kuwa sababu ya mama wa watu kuchelewa kupikia watoto. Tofauti ya njia hizo mbili ni ndogo, na inaamua kama mzee atarudi.

Sasa daftari. Waswahili wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo inaufaa sana mchezo wa kuigiza. Daftari la jukwaa ni muswada mzima uliobandikwa upande mmoja wa kila ukurasa, upande wa pili ukiachwa wazi kwa maandishi ya penseli: nani anaingia kutoka wapi na kwa neno gani, kiti kiko wapi, taa inabadilika lini, ngoma inalia lini, nani ameshika barua ya tukio la tatu. Penseli, kwa sababu kila kitu kitabadilika. Mwishoni weka namba za simu za watu wote na za jamaa zao wa karibu. Usiseme yote yako kwenye WhatsApp. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kutangaza, lakini ni ghala baya: uamuzi wa Jumanne unafunikwa na salamu za kuzaliwa za Jumatano, na simu huzima wakati uleule ambao umeme wa ukumbi umekatika. Kipimo cha daftari zuri ni kimoja tu. Je, mtu asiyewahi kuhudhuria mazoezi anaweza kulifungua dakika 40 kabla ya onyesho na kuliendesha hadi mwisho, hata kwa kigugumizi?

Kipimo hicho si cha kujifurahisha. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipofika Nakuru kwa fainali za tamasha ya kitaifa ya drama na mchezo wa Echoes of War, mwandishi wake, Cleophas Malala, alizuiwa na polisi asikutane nao. Asubuhi ya tarehe 10 waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza. Walikuwa na kila sababu ya kukataa, na hakuna daftari linalozuia polisi. Lakini yeyote anayesimamia jukwaa anapaswa kusoma somo la kiufundi lililomo: mchezo unaokaa kichwani mwa mtu mmoja unaweza kusimamishwa kwa kumzuia mtu mmoja. Na kwa kawaida anayezuia hatakuwa polisi. Itakuwa malaria, msiba kijijini, au kazi iliyopatikana Nairobi juzi. Mwelekezi akiondoka na kila kitu kichwani, zinaondoka naye saa zote ambazo wengine walizitoa kwa miezi mitatu, na hao hawakukubaliana na jambo hilo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa maigizo ya jamii wenyewe. Watasema: sisi si Broadway. Uhai wa kazi yetu ni papo kwa papo. Mtazamaji anasimama, anaingia jukwaani, anabadilisha hadithi. Ukileta penseli na jedwali unaua roho ya sanaa hii. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatetea kitu halisi. Augusto Boal wa Brazili alijenga maigizo ya baraza juu ya wazo hilohilo: tukio linaigizwa mara moja hadi mwisho wake mbaya, kisha linarudiwa, na mtazamaji anayeona njia nyingine anasema simama na kuchukua nafasi ya mhusika. Lakini tazama kinachohitajika ili hilo lifanikiwe. Tukio lirudi palepale lilipoanzia, kikombe kiwe mezani pale kilipokuwa, aliyetoka awe amesharudi pembeni, na mtu fulani ajue ni neno gani la kuanzia. Hayo yakikosekana, mtazamaji aliyejitolea kuingia anasimama katikati ya vurugu huku waigizaji wakinong'onezana, na wa pili hatajitokeza. Kenya ina ushahidi wake pia. Mtindo wa Magnet Theatre, uliosambazwa nchini na shirika la PATH kwa kazi za afya ya jamii, unasimamisha hadithi kwenye njia panda na kuwaachia watazamaji mjadala. Kanuni yake ya kwanza ni ipi? Mahali palepale, saa ileile, wiki baada ya wiki, ili watazamaji walewale warudi. Huko ratiba ndiyo mbinu yenyewe. Anayetaka kuacha dakika 30 wazi kwa ajili ya wananchi lazima azikate kutoka mahali fulani, na ni saa ya msimamizi inayohakikisha kwamba mzungumzaji wa kwanza, ambaye karibu daima ni mwanaume mwenye sauti kubwa, hazimalizi zote kabla kina mama wa nyuma hawajafungua midomo.

Halafu kuna wanaosema kwamba Eldoret haipangiki: mvua, umeme, matatu. Hapa nitakuwa mkaidi, kwa sababu haya ndiyo mambo yanayotabirika kuliko yote. Jiji hili liko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya mvua wingu hukusanyika mchana na kumwaga alasiri. Kumbi nyingi tunazozipata, za makanisa na shule, zimeezekwa kwa mabati yasiyo na dari, na mvua ikipiga juu yake hakuna mwigizaji atakayesikika hata safu ya tatu. Hilo si ajali. Ni sababu ya kuanza saa nne asubuhi kati ya Aprili na Septemba. Kama ni lazima iwe alasiri, kaeni na mwelekezi mapema mwamue ni mahali gani katika mchezo panaweza kukaa wimbo na ngoma mpaka mvua ipungue, mpaandike kwenye daftari, na wimbo huo ufanyiwe mazoezi kama sehemu nyingine yoyote. Ngũgĩ anasimulia kwamba huko Kamirithu mvua iliwahi kukatiza onyesho na watazamaji hawakwenda nyumbani. Walijikinga, ikikatika wakarudi. Watarudi na hapa pia, mradi waone kwamba kuna mtu anayejua tunaendelea kutoka wapi.

Umeme vilevile. Jua la hapa huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa dirisha ni taa ya bure yenye saa inayojulikana. Jenga onyesho linaloweza kwenda bila spika na bila taa hata moja, kisha umeme ukiwepo uwe nyongeza. Mlio wa simu, honi na kengele vinaweza kufanywa na mtu aliyekaa nyuma ya pazia na vifaa vyake. Rekodi kwenye kompyuta inakufa pamoja na nguzo ya umeme. Amueni mapema nani anasema tunaendelea na nani anasema tunasimama, ili taa zikizimika kusiwe na mkutano jukwaani. Kumaliza mapema kuna faida nyingine ambayo mgeni hawezi kuiona haraka. Mtazamaji wa mtaa wa Munyaka au Huruma anapima kama atafika nyumbani salama kabla hajapima uzuri wa mchezo, na kadiri uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 unavyokaribia, kipimo hicho kitakuwa kikali zaidi katika mji unaokumbuka vurugu za baada ya uchaguzi za Januari 2008. Mchezo wa kuhimiza amani unaomalizika saa tatu usiku umewachagua watazamaji wake kimyakimya: wenye magari. Mwendee chifu na kituo cha polisi mapema, waambie ni mchezo gani, uko wapi na unaisha saa ngapi. Wanaoambiwa mapema huuliza maswali ofisini. Wasioambiwa huja kuyauliza katikati ya tukio la pili.

Siku za kuzunguka shuleni na tamthilia teule ndizo zinazolisha makundi mengi, na ndizo ngumu kuliko zote. Shule mbili kwa siku, jukwaa ni bwalo la chakula lenye harufu ya maharagwe, na mwalimu mkuu amewapa dakika 90 kati ya kipindi cha tatu na chakula cha mchana. Msimamizi afike kabla ya kundi, apime nafasi kwa hatua zake, na aweke alama za chaki mahali pa viti. Kama jukwaa litakuwa meza za bwalo zilizounganishwa, zifungwe miguu kwa kamba, kisha mtu mzito kuliko wote kundini apande aruke juu yake kabla ya mwigizaji yeyote. Maleba yapangwe kwa mpangilio wa kuvaliwa, na kila kifaa kikae kwenye karatasi yenye jina lake ili pengo lionekane kwa jicho moja. Katika maigizo ya Uingereza, tangazo la nusu saa hutolewa dakika 35 kabla ya kuanza, kwa kuwa wanahesabu hadi wakati waigizaji wa kwanza wanapoitwa kwenye nafasi zao, dakika tano kabla ya pazia. Inafaa kuigwa: mwigizaji anayeambiwa bado dakika 30 na kumbe anazo 35 hupata pumzi ambayo hakujua anaihitaji, na Mungu anajua kipindi cha tatu hakiishi kwa wakati.

Jambo moja halina mjadala. Kabla wanafunzi mia tano hawajaingia, tembelea kila mlango na uone umefunguliwa, si kwamba ufunguo upo kwa mlinzi fulani. Machi 2001, shuleni Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa kwa moto katika bweni lenye mlango uliotiwa kufuli na madirisha yenye vyuma. Mabwalo na kumbi zetu zina vyuma vilevile, na sisi ndio tunaoleta nyaya za kuunganisha, mapazia na mishumaa ya tukio la usiku. Kama shule inakataa kufungua mlango wa pili kwa sababu wanafunzi watatoroka, mweke mwalimu pale mlangoni, au msianze. Hapa msimamizi hamwombi mwelekezi ruhusa.

Basi fedha ikija, iende wapi? Shule imelipa, kundi limebaki na elfu chache, na mara moja mazungumzo yanageukia maleba mapya au spika kubwa zaidi, kwa kuwa hivyo vinaonekana. Mimi nasema nauli kwanza. Msimamizi awe na orodha ya kila mtu na mahali anapotoka, na nauli itumwe kwa M-Pesa siku moja kabla ya mazoezi, si baada yake, ili anayetoka Kesses asilazimike kukopa kwanza. Watakaopinga watasema kwamba kuna wanaopokea nauli na wasifike. Wapo. Msimamizi mwenye jedwali atawajua ndani ya wiki tatu, na ataanza kuwalipia wao baada ya kufika huku wengine wakiendelea kulipiwa kabla. Spika inaweza kuazimwa kanisani. Mwigizaji aliyetembea kwa miguu kutoka Kapsoya chini ya mvua ili asikose mazoezi hawezi kuazimwa popote, na akiondoka, wa kwanza kujua anapaswa kuwa wewe, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari lako na hukuweka alama ya kufika mbele yake mara mbili mfululizo. Mpigie simu jioni hiyohiyo.